Juu ya Majina ya Pamoja

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ni methali ya watu wa biashara, watu walioijua thamani ya kuandika. Lakini methali hiyo imetuachia swali moja ambalo, kwa maoni yangu, hatujalipa nafasi ya kutosha katika mazungumzo yetu. Katika daftari hilo, kila safu iitwe jina gani, na nani mwenye haki ya kulichagua jina hilo? Zamani hili lilionekana kuwa swali dogo, la makarani tu. Siku hizi madaftari yetu yamehamia ndani ya kompyuta, na kompyuta hizo hupelekeana habari bila mtu kuwa katikati. Kwa hiyo naliona kuwa swali la maadili kabisa, na ndiyo sababu nimeamua kuliandika.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupanga takwimu, lakini najua kwamba si kila msomaji ameifanya kazi hii. Basi nianze na maelezo machache. Ukitaka kuweka habari za watu katika kompyuta, huna budi kwanza kuchora jedwali lenye safu, na kila safu uipe kichwa chake: jina, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, uzito, na kadhalika. Mpangilio huo, pamoja na masharti ya kila safu, ndio tunaouita muundo wa data. Anayeuchora yuko huru. Anaweza kuandika "tarehe ya kuzaliwa", au "kuzaliwa", au herufi mbili tu anazozijua mwenyewe, na kompyuta haitamgombeza.

Sasa, ili watu wa mahali mbalimbali waweze kusomeana majedwali yao, pameundwa rejista za istilahi. Rejista ya namna hiyo ni kama kamusi ndogo ya shughuli fulani. Kila istilahi iliyomo ina jina lake, ina maelezo ya maana yake, na mara nyingi ina anwani ya kudumu. Mchoraji wa jedwali huielekeza safu yake kwenye anwani hiyo, kana kwamba anasema: ninapoandika neno hili, namaanisha kile kilichoelezwa pale. Kwa njia hiyo mtu wa Dodoma anayeandika kwa Kiswahili na mtu wa Berlin anayeandika kwa Kijerumani wanaweza kuzielekeza safu zao mahali pamoja, na mashine ikajua kwamba wanazungumzia jambo lile lile.

Rejista hizi ni nyingi. Wakutubi wanayo Dublin Core, iliyoanzia katika mkutano wa Machi 1995 katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani, na ambayo vipengele vyake vya msingi ni 15. Watu wa maabara wanayo LOINC, iliyoanzishwa mwaka 1994 huko Indianapolis, inayokipa kila kipimo namba yake. Wataalamu wa viumbe wanayo Darwin Core, iliyopitishwa kuwa kanuni mwaka 2009. Nazo kampuni za Google, Microsoft na Yahoo zilianzisha Schema.org mwaka 2011 kwa ajili ya habari zinazowekwa kwenye intaneti. Wala wazo lenyewe halikuzaliwa na kompyuta. Mwaka 1893, huko Chicago, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha ya sababu za vifo ili nchi ziweze kulinganisha takwimu zao, na mwaka 1948 kazi hiyo ikawa mikononi mwa Shirika la Afya Duniani. Haja ni ya zamani: watu wawili wakihesabu vifo, ni lazima kwanza wakubaliane juu ya jina la kilichoua.

Msomaji anaweza kuniuliza: maadili yanaingiaje hapa? Daftari ni langu, habari nimezikusanya kwa jasho langu, kwa nini nisiviite vitu vyangu nipendavyo? Swali hilo nalipokea kwa heshima, kwa sababu lina haki ndani yake. Muuza samaki anayeandika madeni kwa alama anazozijua yeye peke yake hana kosa lolote. Hakuna anayepaswa kumwendea na rejista ya kimataifa na kumwambia abadili alama zake. Lakini siku daftari linapotoka nyumbani mambo hubadilika. Tangu siku hiyo kichwa cha safu huwa kauli unayomwambia mtu mwingine, na kauli ina masharti yake. Kubwa kuliko yote ni kwamba anayeisikia asidanganyike.

Tuchukue neno letu wenyewe, neno "saa". Karani wa zahanati anaandika kwamba mtoto amezaliwa saa 2. Kwa hesabu ya Kiswahili, ambayo huanza kuhesabu jua linapochomoza na linapotua, saa hiyo ni ya asubuhi au ya usiku, na mama wa mtoto hana shaka ni ipi. Jedwali hilo likipelekwa kwenye kompyuta inayohesabu kuanzia usiku wa manane, kama inavyoagiza kanuni ya kimataifa ya tarehe na saa iliyotolewa mwaka 1988, mtoto atakuwa amezaliwa saa 8 za usiku. Hakuna aliyesema uwongo hapo. Karani ameandika kweli, mashine nayo imesoma kwa utaratibu wake. Hata hivyo kilichofika upande wa pili si kweli.

Jambo hili limenifikirisha sana. Zamani daftari lilisomwa na mtu, na mtu akitilia shaka aliuliza: saa mbili za asubuhi au za usiku? Tunaambiwa kwamba kuuliza si ujinga, na kwa kweli makosa mengi ya kale yaliokolewa na swali la namna hiyo, lililoulizwa dirishani au kwa barua. Mashine inayopokea jedwali haina desturi hiyo. Inalipokea neno kama lilivyo na kuendelea na safari. Kwa hiyo uangalifu uliokuwa ukigawanywa baina ya mwandishi na msomaji sasa unamwangukia zaidi mwandishi. Yeye ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa na nafasi ya kusema anamaanisha nini.

Wapo wanaodhani kwamba ugonjwa wenyewe ni wingi wa majina. Mimi sikubaliani nao. Hii mashine ninayoitaja hapa tumeipa majina kadhaa: kompyuta, ngamizi, tarakilishi. Kila jina lina watetezi wake, na wapo walioumana kwa ajili yake. Lakini sijasikia mtu aliyedhurika kwa sababu mmoja alisema ngamizi na mwenzake akasema tarakilishi. Majina mengi kwa kitu kimoja ni usumbufu, na dawa yake ni nyepesi: weka orodha ya kuyaunganisha. Hatari kubwa iko upande mwingine, pale jina moja linapobeba vitu viwili. Hapo hakuna anayeona haja ya kuuliza, kwa kuwa kila mtu anadhani wamekwisha kuelewana.

Mfano wake unaojulikana duniani ni wa chombo cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilichorushwa Desemba 1998 kwenda kwenye sayari ya Mars. Kilipotea tarehe 23 Septemba 1999, siku kilipofika. Programu moja iliyotumika duniani kukiongoza ilitoa hesabu za msukumo wa injini kwa vipimo vya pauni, hali waliozipokea walizisoma kwa nyutoni za mfumo wa metriki, na nguvu ya pauni moja ni karibu nyutoni 4.45. Tarakimu zilipita kutoka mkono hadi mkono kwa miezi, zikiwa na sura nzuri tu. Kinachonigusa zaidi katika habari hii ni kwamba hati ya makubaliano ilikuwapo. Ilikuwa imeandikwa kwamba vipimo viwe vya metriki. Upande mmoja ulitoa hesabu chini ya kichwa kilichokubaliwa bila kutimiza maana yake. Kwa lugha ya nyumbani, ahadi ilitolewa na haikutimizwa.

Hapo ndipo ninapopata jibu la swali langu la kwanza. Nionavyo mimi, kutumia jina la pamoja ni kutoa ahadi. Ninapoielekeza safu yangu kwenye istilahi ya rejista, nawaahidi watu nisiowajua, na ambao huenda sitawaona kamwe, kwamba kilichomo humo ndicho walichokubaliana kukiita hivyo. Nao, kwa kuniamini, watajumlisha, watagawa, watapeleka dawa au watazuia. Ahadi ni deni, na deni hili lina watu nyuma yake.

Msomaji asidhani nazungumza juu ya sayari za mbali tu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwapo katika ugawaji wa vyandarua katika vijiji vya pwani. Orodha mbili za kaya, zilizokusanywa na taasisi mbili tofauti, zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja, na zote zilikuwa na safu iliyoitwa "mkuu wa kaya". Taasisi ya kwanza ilimwandika yule ambaye wanakaya walimtaja kuwa mkuu wao, hata kama hayupo. Ya pili ilimwandika mtu mzima anayelala katika nyumba ile na kuiendesha. Kwa kuwa kichwa kilikuwa kimoja, waunganishaji waliona raha, wakayalinganisha majina, na kaya ambazo majina yake hayakulingana zikaondolewa kwa kuhofiwa kuwa za udanganyifu.

Mama mmoja alisimama mbele ya meza na watoto wawili. Kijana aliyeshika orodha akamwambia kwa upole, "Mama, jina lako halimo. Mkuu wa kaya aje mwenyewe." Mumewe alikuwa baharini, mwaka wa tatu huo. Yule mama akamtazama, akasema, "Mwanangu, nimlete kutoka wapi?" Kijana hakuwa na jibu, wala kosa halikuwa lake. Alikuwa akiisoma orodha kama ilivyoandikwa. Mama aliondoka mikono mitupu, na siku ile hakuwa peke yake. Nilipofuatilia baadaye niliona kwamba kila taasisi ilikuwa na maelezo mazuri ya neno lake, yaliyofungiwa kabatini mwake. Lau kila safu ingeelekezwa kwenye maelezo yake wazi, mtu angeona mara moja kwamba hizi ni safu mbili.

Hadi hapa nimewatetea wenye rejista. Sasa haki inanitaka nigeuke upande wa pili, kwani majina ya pamoja hayashuki kutoka mbinguni. Yapo kwa sababu watu fulani walikaa mezani wakayachagua, na wengine hawakuwapo. Sisi tunaotumia Kiswahili tunalijua jambo hili kuliko watu wengi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ikiongozwa na maofisa wa kikoloni na wamisionari. Faida yake hatuwezi kuikana. Leo mtu wa Kigoma na mtu wa Lamu wanasoma kitabu kimoja bila mkalimani. Lakini pwani ya kaskazini, yenye hazina ya utenzi ya karne nyingi, ilijikuta ikiambiwa kwamba "ndia" ni kosa la "njia" na "nti" ni kosa la "nchi".

Kwangu mimi dhulma haikuwa katika kuchagua lahaja moja ya kukutania. Safari ya pamoja inahitaji mahali pa kukutana. Dhulma ilikuwa katika kulihesabu neno ambalo halikuchaguliwa kuwa ni neno bovu. Mtu angeweza kufundishwa kuandika "njia" anapomwandikia mgeni, na papo hapo akaachiwa "ndia" yake akiwa kwao, bila kuona aibu. Neno la pamoja ni la kuvukia. Halikuletwa ili kuzibomoa nyumba za kila upande wa mto.

Katika rejista za data dhulma hiyo inaweza kurudi kwa sura nyingine. Rejista nyingi zina kipengele cha jina alilopewa mtu na kipengele cha jina la ukoo. Kwa Mwingereza jambo hilo ni rahisi. Lakini wengi wetu tunaitwa kwa jina letu, likifuatwa na la baba, kisha la babu, na hakuna hata moja kati ya hayo lililo la ukoo kwa maana ya Kizungu. Mke hubaki na jina la baba yake, na mtoto humfuata baba yake, hivyo katika nyumba moja jina la mwisho la kila mmoja linaweza kuwa tofauti. Watu wa Iceland nao wana desturi inayokaribiana na hii. Karani anayelazimishwa kujaza "jina la ukoo" huliweka la babu, na mashine, kwa kuliamini, huamua kwamba mume, mke na mtoto si watu wa nyumba moja. Hapo ahadi imevunjwa tena, na safari hii na mtu aliyetaka kutii.

Tufanyeje basi? Wapo watakaosema tuzitupe rejista za wageni na tujiundie zetu. Naielewa hasira hiyo, lakini kujitenga hakutamsaidia yule mama wa vyandarua, maana aliumizwa na taasisi mbili ambazo kila moja ilijiundia yake. Napendekeza njia yenye kazi zaidi. Kwanza, kabla hujabuni jina jipya, tafuta kama wenzako wamekwisha kulikubali moja. Kubuni kwa uvivu wa kutafuta ni kuwatwika wengine mzigo wako. Pili, ukilipata, soma maelezo yake hadi mwisho, kwa kuwa jina linaweza kufanana na lako na maana ikakataa. Tatu, ukiona halikutoshi, usilivae. Tumia neno lako mwenyewe, eleza maana yake waziwazi mahali ambapo kila msomaji wa jedwali atapaona, kisha uwaendee walinzi wa rejista na kuwaomba waliongeze. Katika suala la majina ya watu, kwa mfano, Schema.org ina kipengele cha jina zima, bila kuligawa. Anayekitumia hicho kwa ajili ya watu wetu anasema kweli, hata kama anasema machache.

Walinzi wa rejista nao wana wajibu. Wasibadilishe kimya kimya maana ya neno ambalo watu wamekwisha kulitumia, kwa sababu huko ni kubadilisha ahadi za watu wengine bila kuwauliza. Maana ikibadilika, na litolewe neno jipya. Tena wawe na masikio. Orodha ya kwanza ya Dublin Core ya mwaka 1995 ilikuwa na vipengele 13, na kimoja kilikuwa "mwandishi". Baadaye vikawa 15, na mahali pa mwandishi pakawekwa neno pana zaidi, linalomfaa pia mchoraji na mtunzi wa muziki. Darwin Core nayo, pamoja na jina la kisayansi la kiumbe, ina kipengele cha jina ambalo watu wa mahali humwita kiumbe huyo. Rejista ya namna hiyo imetambua kwamba mvuvi anayemjua samaki kwa jina la kwao hajakosea, na imempa safu yake.

Najua kwamba kazi ninayoisifu haina shangwe. Hakuna atakayemwimbia mtu aliyekaa mchana kutwa akilinganisha maelezo ya "kaya" katika hati tatu. Faida yake haionekani, kama isivyoonekana ajali ambayo haikutokea. Lakini maadili mengi ya kweli yako hivyo. Mwenye mizani dukani hupimwa kwa ratili zake wakati mnunuzi hatazami, na mchora majedwali naye ana ratili zake, nazo ni majina anayoyaandika juu ya safu.

Basi, msomaji wangu, hata kama hukugusa kompyuta maishani mwako, safari nyingine utakapopewa fomu ujaze, tazama vichwa vya nafasi zake kabla ya kuandika. Jiulize: neno hili wanaliita nini wao, na mimi naliita nini? Ukiona maana hazikutani, uliza. Na kama wewe ndiye uliyeitunga fomu ile, usimkasirikie anayeuliza. Amekuonyesha mahali ambapo ahadi yako haikueleweka, na amefanya hivyo kabla hajatokea mtu wa kuambiwa kwamba jina lake halimo.